Kichwa kisichopona: Jinsi hospitali inavyobaini fangasi iliyoingia mwilini

Tuanze na mfano. Mkulima mmoja, mwanaume wa miaka 34, anaanza kuumwa kichwa wakati wa palizi. Anadhani ni jua. Ananunua dawa ya maumivu dukani, anapata nafuu siku moja, kisha kichwa kinarudi. Wiki ya pili anakwenda zahanati. Anapimwa malaria, hana. Kwa kuwa mwili una joto, anapewa dawa za kuua bakteria na kurudishwa nyumbani. Wiki ya tatu anaanza kutapika, mwanga unamchoma macho, na usiku anaongea maneno yasiyoeleweka. Ndugu wengine wanasema ni malaria imempanda kichwani. Wengine wananong'ona kwamba karogwa. Anafikishwa hospitali ya wilaya akiwa amepakatwa kwenye bodaboda, hawezi hata kukaa mwenyewe.

Mtu huyu tumemtunga kwa ajili ya makala hii. Lakini njia aliyopita ndiyo wanayopita wagonjwa wengi wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi iitwayo kriptokokasi. Usipotibiwa, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Ukitambuliwa mapema unatibika, na kipimo chake cha kwanza hutoa majibu kwa dakika 10 tu.

Kama kipimo kipo na ni cha haraka, kwa nini watu bado wanakufa? Jibu kubwa ni kuchelewa. Mgonjwa anachelewa kufika, mhudumu anachelewa kuufikiria ugonjwa huu, na wakati mwingine ndugu wanakataa kipimo cha maji ya uti wa mgongo kwa hofu. Makala hii inaeleza jinsi ugonjwa huu unavyopimwa, hatua kwa hatua, ili siku ukikutana nao wewe au mtu wako, ujue kinachofanyika na kwa nini.

Si fangasi ile ya vidoleni

Tukisema fangasi, wengi wetu tunafikiria muwasho wa kati ya vidole vya miguu, mba za kichwani, au utando mweupe mdomoni mwa mtoto. Hizo ni fangasi za juu ya mwili. Zinasumbua, lakini ni nadra kuua.

Kuna fangasi nyingine zinazoingia ndani: kwenye ubongo, kwenye mapafu, kwenye damu. Hizi huwapata zaidi watu ambao kinga ya mwili imeshuka. Wapo wanaoishi na VVU ambao hawajaanza dawa za ARV, au waliziacha, au dawa zimeacha kufanya kazi mwilini mwao. Wapo wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu, watu wanaotumia kwa muda mrefu dawa zinazoshusha kinga, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na wagonjwa mahututi.

Mwezi Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi zinazohitaji kupewa kipaumbele duniani. Orodha ina fangasi 19. Nne ziliwekwa kwenye kundi la juu kabisa la hatari, na kriptokokasi ni mojawapo. Kwa makadirio ya watafiti ya mwaka 2020, homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi huwapata watu wapatao 152,000 wanaoishi na VVU kila mwaka duniani, na kuua watu wapatao 112,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea Afrika kusini mwa jangwa la Sahara. Kati ya kila vifo vitano vinavyotokana na UKIMWI, karibu kimoja husababishwa na fangasi hii.

Inatoka wapi?

Kriptokokasi huishi kwenye udongo, hasa udongo uliochanganyika na kinyesi cha ndege kama njiwa, na pia kwenye miti. Mtu huivuta kwa pumzi bila kujua. Haiambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Huwezi kuipata kwa kumuuguza mgonjwa, kula naye sahani moja wala kulala naye chumba kimoja.

Je, tuache kufuga njiwa? Hapana. Fangasi hii imeenea mno katika mazingira, na watu wengi huivuta bila kuumwa kwa sababu kinga yao huizuia. Mwenye kinga iliyoshuka ni vizuri aepuke kazi ya kufagia banda la njiwa lenye vumbi. Lakini ulinzi wake mkubwa ni dawa za ARV zinazoirudisha kinga juu.

Kinga inapoporomoka, fangasi iliyokuwa imetulia huamka, hupita kwenye damu na kufika kwenye utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo. Hatari ni kubwa zaidi pale kinga za CD4 zinaposhuka chini ya 100.

Kwa nini huchelewa kutambuliwa?

Ugonjwa huu hauanzi kwa kishindo. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria inaweza kumwangusha mtu kwa siku moja au mbili. Hii ya fangasi hutambaa. Huanza na kichwa kinachouma siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Homa inaweza kuwepo au isiwepo. Hata shingo kukakamaa, dalili ambayo wengi tumefundishwa kuitafuta, mara nyingi haionekani mwanzoni.

Baadaye huja kutapika, kuona vitu viwili viwili au kuona ukungu, masikio kutosikia vizuri, kuchanganyikiwa, kubadilika tabia, degedege na kupoteza fahamu. Mtu aliyekuwa mpole anakuwa mkali, au anasahau majina ya watoto wake. Hapo ndipo familia nyingi hutafuta maelezo mengine na kwenda kwingine kabla ya hospitali.

Dalili hizi zinafanana na za malaria kali, za homa ya matumbo, za TB ya ubongo, hata za ugonjwa wa akili. Daktari hawezi kuzitofautisha kwa kumtazama mgonjwa peke yake. Na dawa za magonjwa hayo hazifanyi chochote kwa fangasi. Mgonjwa anaweza kumaliza dozi ya malaria na dozi mbili za kuua bakteria, na fangasi ikaendelea kuongezeka kana kwamba hakumeza kitu. Ndiyo maana lazima kupima.

Hatua ya kwanza: kijiti cha dakika 10

Kriptokokasi hujivika ganda nene lenye utelezi. Vipande vidogo vya ganda hilo humeguka na kuelea kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Kipimo cha kisasa hutafuta vipande hivyo. Katika hospitali na kliniki za VVU, wahudumu hukiita CrAg. Ukisikia neno hilo, ndicho hiki.

Kinavyofanya kazi hakina tofauti kubwa na kipimo cha haraka cha malaria. Mtaalamu wa maabara huchanganya tone la damu, au la maji ya uti wa mgongo, na tone la dawa ya kipimo. Kisha huchovya kijiti na kusubiri dakika 10. Mstari mmoja maana yake fangasi haikuonekana. Mistari miwili maana yake imeonekana. Hakihitaji mashine kubwa, na hakihitaji umeme kwa ajili ya kusoma majibu.

Kijiti hiki ni cha kuaminika sana, na kinaiona fangasi hata ikiwa kidogo. Lakini kina jambo moja la kukumbuka: vipande vya ganda hubaki mwilini kwa miezi mingi hata baada ya fangasi kuuawa. Kwa hiyo aliyekwisha kutibiwa akipimwa tena, mistari miwili inaweza kuonekana ingawa anaendelea vizuri. Daktari hatumii kijiti hiki kuangalia kama mgonjwa amepona.

Hatua ya pili: maji ya uti wa mgongo

Kama damu imeonyesha fangasi, au kama dalili zinatia shaka, daktari ataomba kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo. Hapa ndipo mazungumzo huwa magumu wodini. Ndugu wengi wamesikia kwamba anayechomwa sindano mgongoni hupooza au hufa. Tuitazame hofu hii bila kuidharau, kwa sababu inatokana na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho yao.

Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa waliotolewa maji walikufa siku chache baadaye. Lakini angalia walifika hospitali wakiwa katika hali gani. Kipimo hiki hufanywa kwa mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa ubongo, na wengi hufika wakiwa wamechelewa sana. Mgonjwa akifa, ndugu wanakumbuka sindano, kwa sababu ndilo jambo la mwisho walilolishuhudia. Aliyemuua ni ugonjwa.

Kipimo chenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hulala ubavu na kukunja magoti kuelekea kifuani, au hukaa akiwa ameinama mbele. Ngozi ya kiunoni husafishwa kwa dawa, kisha huchomwa dawa ya ganzi. Sindano nyembamba hupitishwa katikati ya mifupa ya chini ya mgongo. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu: kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe huishia juu ya hapo. Chini yake kuna maji, na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea ndani yake na kuipisha sindano.

Maji yanayochukuliwa kwa kupima ni kidogo, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Hayaishi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku. Baada ya kipimo mgonjwa anaweza kuumwa mgongo pale alipochomwa, au kichwa kwa siku chache. Madhara makubwa yapo lakini ni nadra, na kuna wagonjwa ambao daktari hatawafanyia mpaka achunguze zaidi. Hao ni kama aliyelegea upande mmoja wa mwili, anayetokwa damu kirahisi, au mwenye kidonda au maambukizi pale sindano inapopita. Una haki ya kuuliza, na daktari ana wajibu wa kukueleza.

Sindano inayopima ndiyo hiyo hiyo inayotibu

Kuna sababu nyingine ya kutokikataa kipimo hiki, nayo haisemwi sana. Fangasi hii huziba njia ambazo maji ya ubongo hutumia kutoka. Maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayana pa kwenda. Presha ndani ya fuvu inapanda, na ubongo unabanwa. Presha hiyo ndiyo inayoleta maumivu makali ya kichwa, upofu, uziwi na hatimaye kifo. Si presha ya damu ile inayopimwa mkononi, ni presha ya maji ya ubongo.

Wakati wa kutoa maji, daktari hupima presha hiyo kwa mrija mrefu wenye alama. Pasipo na mrija maalumu, wapo wanaotumia mrija wa dripu na rula. Maji yakipanda zaidi ya sentimita 25, presha iko juu, na daktari huyapunguza pale pale. Wagonjwa wengi hupata nafuu ya kichwa muda huo huo. Maji yakijaa tena, hutolewa tena, wakati mwingine kila siku kwa siku kadhaa.

Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa 248 wa ugonjwa huu. Waliopunguziwa maji angalau mara moja zaidi baada ya kipimo cha kwanza walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa katika siku za mwanzo, pungufu kwa asilimia 69, kuliko ambao hawakupunguziwa. Kwa hiyo daktari akirudi siku ya tatu kuomba kutoa maji tena, usidhani kwamba kipimo cha kwanza kiliharibika au kwamba mgonjwa anafanyiwa majaribio. Anamwokoa macho, masikio na uhai.

Maabara inatafuta nini kwenye maji hayo?

Maji yakifika maabara, hufanyiwa vipimo kadhaa. Kijiti cha CrAg hutumika tena, safari hii kwenye maji yenyewe, ili kujua kama fangasi imefika kwenye ubongo au imeishia kwenye damu.

Kipimo cha zamani zaidi ni cha wino mweusi. Mtaalamu huchanganya tone la maji na tone la wino na kutazama kwa hadubini. Wino hufanya kila kitu kiwe cheusi, lakini ganda la kriptokokasi haliruhusu wino kupita. Kwa hiyo kila kimelea huonekana kama duara jeupe linalong'aa kwenye giza. Ni kipimo rahisi, ila kina udhaifu: fangasi ikiwa bado ni chache, kinaweza kuikosa. Majibu ya wino yakisema hakuna kitu, hayatoshi peke yake kumwondolea mgonjwa shaka.

Kingine ni kuotesha. Maji huwekwa kwenye chakula maalumu cha vimelea na kusubiriwa kuona kitakachoota. Kipimo hiki kinaonyesha kwamba fangasi iko hai, lakini huchukua siku kadhaa, na daktari hasubiri majibu yake ndipo aanze dawa.

Maji hayo hayo huchunguzwa pia kama kuna bakteria au TB, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja.

Majibu yakitoka

Majibu sahihi hubadilisha matibabu yote. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza dawa tatu kwa pamoja: dozi moja kubwa ya amfoterisini ya kuchoma kwenye mshipa siku ya kwanza, ikiambatana na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Pendekezo hilo lilitokana na utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kabla ya hapo, mgonjwa alilazimika kuchomwa amfoterisini kila siku kwa wiki moja au mbili, na dawa hiyo huweza kudhuru figo na kushusha damu. Katika hospitali nyingi za Afrika, baadhi ya dawa hizi bado hazipatikani kwa urahisi, na daktari hutumia mpango mwingine kulingana na kilichopo.

Baada ya hapo mgonjwa huendelea na flukonazoli nyumbani kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, hadi kinga irudi juu. Kuiacha kwa sababu kichwa kimepona ni kuikaribisha fangasi irudi.

Liko jambo linalowashangaza wengi. Mgonjwa wa VVU ambaye hajaanza ARV, akikutwa na ugonjwa huu kwenye ubongo, haanzishiwi ARV siku hiyo hiyo. Husubiri kwa wiki nne hadi sita. Sababu ni kwamba kinga ikiamka ghafla wakati fangasi bado ni nyingi, mapambano yao hutokea ndani ya ubongo na yanaweza kumuua mgonjwa. Hii ni sababu nyingine ya kutaka ugonjwa ujulikane mapema. Lakini kama mtu tayari anatumia ARV, asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Huo ni uamuzi wa daktari.

Usipoziba ufa

Fangasi hii huonekana kwenye damu kabla mtu hajaanza kuumwa. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, kwa nusu ya wagonjwa, kipimo cha damu kiliweza kuiona siku 22 au zaidi kabla ya dalili kuanza. Huo ni muda wa kutosha kuzuia.

Kwa sababu hiyo WHO inapendekeza mtu mzima au kijana mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 100 apimwe CrAg kabla ya kuanza au kurudia ARV, hata kama hajisikii kuumwa. Nchi zinaweza pia kuwapima walio chini ya 200. Akikutwa nayo kwenye damu, huchunguzwa maji ya uti wa mgongo. Ikiwa haijafika huko, hupewa vidonge vya flukonazoli vya kuizuia isipande.

Tanzania ina mchango wake katika jambo hili. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, Zambia, ukachapishwa mwaka 2015, uliwahusisha watu 1,999 waliokuwa wanaanza ARV kinga zikiwa chini. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipimwa pia CrAg, na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo waliwatembelea nyumbani katika wiki za mwanzo kuwasaidia kumeza dawa na kuangalia dalili. Katika kundi hilo la pili, vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kijiti, vidonge, na mtu wa kubisha hodi nyumbani: hayo yalitosha kuokoa watu.

Fangasi nyingine zinazojificha hospitalini

Kriptokokasi haiko peke yake. Ipo fangasi iitwayo aspajilasi, ambayo huweza kuota kwenye matundu yaliyoachwa na TB ndani ya mapafu. Mtu amemaliza dozi ya TB vizuri, lakini miezi baadaye anakohoa tena, anapungua uzito, wakati mwingine anakohoa damu. Makohozi yanapimwa, TB haionekani. Wengine huanzishiwa dawa za TB upya bila ushahidi. Watafiti walioikagua hali hii Gulu, kaskazini mwa Uganda, waliwakuta watu waliotibiwa TB wakiwa na fangasi hii mapafuni. Kuibaini huhitaji picha ya eksirei ya kifua au ya sitiskani, pamoja na kipimo cha damu ambacho kwa kawaida hupatikana hospitali kubwa.

Nyingine ni kandida. Hii huishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi bila madhara. Kwa hiyo ikionekana kwenye makohozi peke yake, haimaanishi kwamba mapafu yanaumwa. Ikiingia kwenye damu ndipo inapokuwa hatari. Huwapata zaidi wagonjwa waliolazwa chumba cha mahututi wakiwa na mirija kwenye mishipa, waliopasuliwa tumbo, waliotumia dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu, na watoto njiti. Dalili yake kubwa ni homa isiyosikia dawa za bakteria. Hupimwa kwa kuotesha damu, na hata kipimo hicho hukosa karibu nusu ya wagonjwa, ndiyo maana wakati mwingine daktari huanza dawa kwa kutazama hali ya mgonjwa.

Aina moja, kandida aurisi, ilitambuliwa Japani mwaka 2009 na imekwisha kuripotiwa pia Kenya. Husugua dawa nyingi, hung'ang'ania kwenye vitanda na vifaa, na mashine za kawaida za maabara zinaweza kuipa jina lisilo lake. Hii, tofauti na kriptokokasi, huweza kuhama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Ukiambiwa unawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa wako na baada ya kumgusa, unamlinda yeye na wa kitanda cha jirani.

Wewe unayemuuguza ufanye nini?

Usisubiri shingo ikakamae. Mtu mwenye VVU, au ambaye hajui hali yake, akiumwa kichwa kwa siku kadhaa bila kupona kwa dawa za maumivu, apelekwe kituo cha afya. Akianza kutapika, kuona vibaya au kuchanganyikiwa, ni dharura, siku hiyo hiyo.

Ukirudi mara ya pili, sema hivyo. Mwambie mhudumu: tulikuja wiki iliyopita, alipimwa malaria hana, alipewa dawa hizi, hakupata nafuu. Beba daftari la matibabu na maganda ya dawa alizomeza. Maelezo hayo ndiyo yanayomfanya daktari aache kufikiria malaria na kufikiria kingine.

Sema ukweli kuhusu VVU na ARV. Wagonjwa wengine huficha kwa sababu wamesindikizwa na shemeji au jirani. Omba kuzungumza na daktari faraghani. Kama dawa ziliachwa miezi sita iliyopita, daktari anahitaji kujua, wala hakuuliza ili akugombeze. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Uliza swali moja: "Daktari, amepimwa CrAg?" Zahanati inaweza isiwe nacho, lakini inaweza kutoa rufaa au kupeleka damu kwenye maabara ya hospitali. Anayehudhuria kliniki ya CTC aulize pia CD4 zake zilipimwa lini na zilikuwa ngapi.

Usinunue flukonazoli dukani ukajitibu. Kidonge kimoja au viwili vinavyotosha fangasi ya juu ya mwili haviwezi kutibu fangasi ya ubongo.

Na daktari akiomba kutoa maji ya mgongo, uliza unachotaka kuuliza, kisha msichukue siku tatu kupigiana simu na ukoo mzima. Kila saa presha inazidi kupanda.

Turudi kwa mkulima wetu. Tuseme kwamba wiki ile ya pili, pale zahanati, mkewe alimwambia muuguzi pembeni: "Aliacha dawa zake za CTC tangu msimu wa mavuno." Angepewa rufaa siku hiyo hiyo. Kijiti kingeonyesha mistari miwili ndani ya dakika 10, na angeingia wodini akitembea kwa miguu yake. Ugonjwa ni ule ule na hospitali ni ile ile. Kilichobadilika ni neno moja lililosemwa wiki moja mapema.

Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya ushauri wa mtaalamu wa afya. Kama wewe au ndugu yako ana dalili zilizotajwa hapa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.